Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu wa Minnesota: miaka minne haimtoshi kila mtoto

Kwa Kamishna wa Elimu wa Jimbo la Minnesota, waheshimiwa wabunge na maseneta wa kamati za elimu, na taasisi zote zinazotia saini mikataba ya shule ndogo za sekondari.

Waheshimiwa, salaam, na poleni na kazi.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Mwanangu wa pili ataitafsiri barua hii kwa Kiingereza, na nakala hiyo nitaileta mwenyewe huko kilimani, kwenye jengo la Bunge. Lakini nimetaka wazazi waisome kwanza. Karatasi zinazohusu watoto wao huanzia kwa Kiingereza na kuwafikia wao mwisho, tena kwa mdomo wa mkalimani kama mimi, tena mbiombio kwa kuwa muda wa kikao umekwisha. Hii moja ianzie kwao.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Nimeishi St. Paul miaka mingi, na kazi yangu ni ukalimani: hospitalini, mahakamani, na zaidi ya kwingine kote, shuleni. Wengi ninaowasemea ni Wakongo wa Uvira, Fizi na Baraka waliopitia kambi ya Nyarugusu, ile iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Watoto wao wengi hawakuiona Kongo kabisa. Wamezaliwa kambini na kusoma kambini kwa mtaala wa Kongo, Kifaransa ubaoni na Kiswahili uwanjani. Halafu siku moja jina la familia linatoka kwenye orodha. Inakuja ndege, inakuja theluji, na kijana wa miaka 17 anajikuta ameketi mbele ya mshauri wa wanafunzi anayemuuliza: umefika darasa la ngapi?

Hapo ndipo saa yenu inapoanza kuhesabu, na hiyo saa ndiyo iliyonitoa kitandani usiku huu nikaandika.

Wazazi wanaosoma hapa huenda hawaijui, kwa hiyo nieleze. Mwanafunzi anapoingia darasa la 9 huwekwa kwenye kundi la wenzake, na serikali husubiri miaka 4. Muda huo ukiisha, kila shule huulizwa: wangapi wa kundi lako wamepata cheti? Anayekuja kutoka nje ya nchi huingizwa kwenye kundi la darasa aliloandikishwa. Akiandikishwa darasa la 11 kwa sababu ya umri, basi amebakiwa na miaka 2, hata kama Kiingereza chake ni maneno ishirini. Sheria ya taifa ya mwaka 2015 inalitaka kila jimbo kuziorodhesha shule za sekondari zisizofikisha thuluthi mbili ya wanafunzi wao kwenye cheti. Na kipimo mnachokitanguliza, ninyi na magazeti, ni kile cha miaka 4.

Sasa nina kijana mmoja. Jina lake silitaji, ila mama yake amenipa ruhusa ya kusimulia.

Alifika akiwa na miaka 17. Shule ya kwanza ilikuwa kubwa sana, mlio wa kengele ukilia korido inajaa kama soko la Kasulu siku ya gulio. Wakampeleka darasa la 11. Alikuwa mpole, anakaa nyuma, hasumbui, na mwanafunzi asiyesumbua kwenye darasa la watu wengi hupotea hivyohivyo kimyakimya. Usiku alikuwa anapanga mizigo ghalani kusaidia kodi ya nyumba, maana baba hakuwahi kufika Amerika. Barua za mahudhurio zilikuja nyumbani kwa Kiingereza, mama akawa anazihifadhi kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, akidhani ni nyaraka za uhamiaji. Niliitwa siku ya mwisho. Kijana alikuwa amekusanya krediti 4, zile hesabu za masomo aliyoyafaulu. Minnesota inataka 21.5 ili mtu apate cheti. Bwana aliyekuwa mezani alisema kwa upole kwamba haitawezekana amalize kwa wakati, na kwamba pengine familia itafute mahali pengine panapomfaa zaidi. Nilitafsiri. Mama akaniuliza, “Wanamfukuza?” Nilimjibu kwamba hawakutumia neno hilo.

Mahali pengine palikuwa shule ndogo ya mkataba, ile aina ambayo watu wa huku huiita chata. Naona wazazi wengi huliogopa jina hilo, huniuliza ada yake ni kiasi gani. Hakuna ada. Ni shule ya umma, haina mtihani wa kuingia, inalipwa na serikali kwa kila kichwa cha mwanafunzi. Tofauti ni kwamba haiko chini ya wilaya ya elimu: inaendeshwa na bodi yake yenyewe, kwa mkataba na taasisi iliyopewa mamlaka ya kuidhinisha, na mkataba ukiisha taasisi hiyo huamua kama shule iendelee au ifungwe.

Hii ninayoisema iko ghorofa ya chini ya jengo la kanisa la zamani. Wanafunzi hawafiki mia. Karibu wote wanatoka nyumba zenye kipato cha chini, na wengi wamekwishapita shule mbili tatu kabla ya hapo. Nimekalimani humo mara nyingi kiasi kwamba naijua harufu ya ngazi zake. Siku ya kwanza mwalimu mkuu alimkazia macho yule kijana, akamuuliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye shule nyingine: “Kazini unatoka saa ngapi?” Akasema saa 9 usiku. Basi ratiba yake ikaanza saa 4 asubuhi. Wala hawakuunda kamati kwa ajili hiyo. Mwalimu alivuta karatasi, akafuta somo moja kwa kifutio, akaliandika chini.

Kitu cha pili ni krediti zenyewe. Pale muhula ni mfupi, wiki chache tu, na kila muhula una krediti zake ndogondogo. Mtoto akiugua, au mama yake akijifungua, au wakihamishwa nyumba Januari, amepoteza wiki hizo chache, hajapoteza nusu mwaka. Ofisini kuna karatasi kubwa ukutani yenye mstari wa kila mwanafunzi, na kila krediti inayopatikana inapakwa rangi ya kijani. Mwanafunzi mwenyewe ndiye anayepaka. Nimewaona vijana wenye ndevu wakipaka rangi kwa uangalifu, ulimi nje.

Na cha tatu, ambacho nitakikumbuka mpaka uzeeni, ni hesabu ya kugawanya. Faili lililotoka shule ya kwanza lilisema kijana hajui kugawanya. Mwalimu wa hisabati, mama mmoja wa makamo mwenye sauti kavu, akamwambia aje ubaoni agawanye 1,512 kwa 36. Akaandika kama walivyomfundisha Nyarugusu: namba inayogawa akaiweka upande wa kulia, akachora mstari, jibu akalishusha chini yake. Darasa likaguna, hawajawahi kuona kitu kama hicho. Mwalimu akasogea, akatazama kimya, kisha akasema, “42. Sawasawa kabisa. Umeandika kwa mkono mwingine tu.” Mwaka mzima kijana alikuwa anagawanya vizuri kwa mtindo wa Kifaransa na anaandikiwa hajui, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye nafasi ya kusimama mezani kwake dakika tano.

Siku ile alirudi nyumbani akamwambia mama yake kwamba atamaliza.

Alimaliza. Ilimchukua muda, palikuwa na majira ya baridi mawili ambayo karibu aache, na mara moja mwalimu alimfuata nyumbani kwa gari lake baada ya siku tatu za kutoonekana, akamkuta amelala na viatu. Lakini alimaliza, akiwa amebakiza majuma machache kutimiza miaka 21, umri ambao sheria ya Minnesota inaanza kufunga mlango wa kusoma bure kwenye shule ya umma. Mama yake alikuja amevaa kitenge kipya, akapiga vigelegele mpaka mlinzi wa jengo akaja kuangalia kuna nini. Nami nililia, sioni aibu kulisema.

Waheshimiwa, kwenye jedwali lenu la miaka 4, kijana huyo hakumaliza. Anahesabiwa miongoni mwa walioshindwa. Na aliyeshindwa naye, kwa hesabu hiyo, ni ile shule ndogo iliyompokea, kwa kuwa ndiyo ya mwisho kuwa na jina lake. Shule iliyokaa naye mwanzo na kumpa krediti 4 haina doa lake, alikwishahama.

Hili ndilo ninalotaka mliangalie. Shule ndogo ikimpokea mwenye miaka 18 na krediti 4, inajitia doa yenyewe siku ileile inapomfungulia mlango. Ikitaka takwimu nzuri, njia rahisi ni kuacha kuwapokea watu kama yeye. Mimi sijawaona wakifanya hivyo. Lakini nimeiona hofu usoni mwa mwalimu mkuu mwaka wa kuhuisha mkataba, na hofu ya namna hiyo ikikaa miaka mingi huja ikabadilisha mtu.

Naomba mkumbuke mlikoanzia. Minnesota ndiyo jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria ya shule za mkataba, mwaka 1991, muswada ukisukumwa na Seneta Ember Reichgott na kutiwa saini na Gavana Arne Carlson. Wazo lenyewe lilikuwa limezungumzwa hadharani mwaka 1988 na Albert Shanker, rais wa chama cha walimu, aliyetaka walimu wapewe nafasi ya kubuni shule ndogo kwa ajili ya watoto ambao mfumo wa kawaida ulikuwa unawaacha nyuma. Sheria ile ya kwanza iliruhusu shule 8 tu. Na shule ya kwanza kabisa kufungua milango, Septemba 1992, ilikuwa City Academy, hapahapa St. Paul, upande wa mashariki, kwenye jengo la burudani la manispaa. Walioianzisha ni walimu, Milo Cutter na Terry Kraabel, na wanafunzi wao wa kwanza walikuwa vijana waliokwishaacha shule. Rais Bill Clinton aliitembelea Mei 2000.

Leo nchi nzima ina maelfu ya shule za mkataba. Nyingine ni za watoto wadogo, nyingine zimekuwa mitandao mikubwa yenye majengo ya vioo. Lakini mtangulizi wao wote ni chumba cha vijana walioshindikana kwingine. Mtu akiniambia shule ya aina hiyo ni kasoro ndani ya mfumo wa mikataba, namwomba asome ukurasa wa kwanza wa historia ya jimbo lake.

Msinielewe kama mtu anayetetea kila kilichobandikwa jina hilo. Nimekalimani kwenye kikao kimoja, Januari, baridi ya kuvunja meno, familia zikiambiwa kwamba shule yao ya mkataba inafungwa na watoto watafute nafasi nyingine kabla ya mwezi kuisha. Fedha zilikuwa zimetumika vibaya. Akina mama walikaa na makoti yao mwilini, hakuna aliyeyavua, kama watu wanaosubiri basi. Kwa hiyo kagueni hesabu za fedha, tena kwa ukali. Kagueni bodi, angalieni nani anamkodishia nani jengo. Katika hilo mko sahihi na mngeweza kuwa wakali zaidi.

Lipo pia suala la watoto wa rangi moja au lugha moja kujikuta wamekusanyika mahali pamoja. Kesi ya Cruz-Guzman, iliyofunguliwa mwaka 2015 dhidi ya jimbo, iliwagusa hata watu wa shule za mkataba, na Mahakama ya Juu ya Minnesota iliitolea uamuzi Desemba 2023 kwamba mchanganyiko usio sawa peke yake hautoshi kuwa uvunjaji wa haki ya elimu, lazima ionekane pia kwamba elimu yenyewe imeathirika. Mimi suala hilo linanikosesha raha kweli. Natamani watoto wetu wasome na kila mtu. Ila yule kijana alikuwa shule iliyochanganyika vizuri sana kwenye karatasi, na kwa mwaka mzima hakuna aliyemjua jina.

Nifike kwenye ninachoomba.

Jedwali mnalo tayari. Minnesota hutangaza pia waliomaliza kwa miaka 5, 6 na 7. Kwa shule ambayo wanafunzi wake wengi huingia wakiwa na miaka 17 na kuendelea, tangulizeni la miaka 7, na mliweke juu ya ukurasa, si chini ambako hakuna mwandishi wa habari anayefika. Halafu hesabuni krediti: mwanafunzi ameingia na ngapi, ametoka na ngapi, kwa muda gani. Takwimu hizo shule wanazo, zimebandikwa ukutani kwa rangi ya kijani. Na pale mtoto anapohama, iandikwe krediti zake zilipotea wapi. Nadhani hilo moja tu lingebadilisha lugha inayotumika kwenye vile vikao vya “mahali panapomfaa zaidi”.

Ninyi wenyewe mnajua watoto hawa wapo. Mwaka 2014 mlitunga sheria inayomtaja kwa jina mwanafunzi ambaye masomo yake yalikatizwa kabla hajafika Marekani: aliyeingia shule za hapa baada ya darasa la 6, aliyepungukiwa angalau miaka 2 ya shule kuliko wenzake, pengine asiyesoma hata lugha ya mama. Ni sheria nzuri, maelezo yake ni kama picha ya watoto wa Nyarugusu. Mkono mmoja umeandika kwamba mtoto huyu ana miaka 2 pungufu. Mkono wa pili unamdai amalize sawa na wengine.

Kuna na jambo la fedha. Wilaya za elimu zinaweza kuwaendea wapiga kura kuomba nyongeza kwenye kodi ya majengo. Shule ya mkataba haiwezi, inaishi kwa hesabu ya vichwa na ruzuku ya pango. Tangu Januari 2025, mapokezi ya wakimbizi yaliposimamishwa na Rais, familia mpya hazifiki tena kama zamani. Kwenye shule ya watu elfu mbili, kupungukiwa watoto kumi hakusikiki. Kwenye shule ya watu tisini, watoto kumi ni mwalimu mzima. Anaweza kuwa yule mama wa hisabati. Naomba muwatengenezee kinga ya fedha ya mwaka mmoja, ili hesabu ikishuka ghafla wasilazimike kumwacha mwalimu katikati ya majira ya baridi.

Nishukuru pia panapostahili. Mwaka 2023 mlipitisha chakula cha bure, asubuhi na mchana, kwa kila mwanafunzi bila kuuliza kipato. Wale wanaotoka kazini usiku wanakula uji wa shayiri saa 4 kama watu waliofungua saumu. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna mtoto anayejificha. Aliyeifikiria hiyo, Mungu ambariki.

La mwisho ni kwenu, taasisi zinazoidhinisha. Mnapokuja kupima kama mkataba uhuishwe, huja asubuhi siku ya kazi, mnakaa na bodi, mnapewa jalada. Wazazi mnaowakuta hapo ni wawili watatu wanaojua Kiingereza. Njooni saa 12 jioni. Semeni mapema, kwa Kiswahili, Kisomali, Kikareni, Kihispania, kwamba wanaotakiwa kusema ni wazazi na wanafunzi. Lipieni wakalimani, au mkikosa fungu nitakuja bure, na ninawajua wenzangu watakaokuja. Kaeni na karatasi ya ukutani mbele yenu, muulize mstari mmoja mmoja ni wa nani na ulianzia wapi.

Kuna msichana ana miaka 19, ana mtoto wa miezi 8 ambaye bibi hukaa naye asubuhi. Alikuja na krediti 6. Sasa ana 17. Anataka kusomea uuguzi msaidizi, na ameniomba nimfundishe maneno ya hospitali ninayoyatumia kazini. Kila Alhamisi tunakaa nusu saa ngazini na daftari. Miaka yake 4 imekwisha Juni iliyopita. Yeye bado anakuja.

Darasa lake huanza saa 3 na nusu. Mlango wa mbele huwa umefungwa, pitieni upande wa maegesho. Kengele imekufa tangu baridi ya mwaka jana, kwa hiyo gongeni kwa nguvu.

Wenu,
Mkalimani na mzazi, St. Paul, Minnesota